Neno la Saba

Jumapili, 6 Oktoba

Daftari hili nililinunua kwa maandalio ya masomo, lakini leo naandika ya nyumbani kwa sababu sina wa kumwambia. Mama amepata kitanda kipya. Cha mninga, chenye droo mbili chini. Kimeletwa na guta kutoka Nachingwea mjini na nusu ya kijiji chetu cha Lionja imekuja kutazama. Aliyekinunua ni Zuleha.

Zuleha ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu Anuari. Tunakaa ua mmoja: mimi chumba cha mbele tangu niachike, wao nyumba ya nyuma, Mama katikati. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, mwaka wa kumi na nne huu. Yeye aliishia darasa la saba, na kazi yake ni kubangua korosho na wanawake wenzake sita chini ya banda la makuti. Mwaka jana tu alikuwa anakuja mlangoni kwangu kuomba kiberiti.

Mama amekijaribu kitanda mara tatu kabla ya adhuhuri. "Mwantumu, njoo uone," ananiita. Nimeshaona. Godoro alilolalia miaka yote nilimnunulia mimi, na siku ile hakumwita mtu.

Jumatano, 9 Oktoba

Joto. Mabibo yanaanguka mikoroshoni. Darasa la nne wananuka mabibo mpaka kwenye madaftari.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo nimejua pesa zinatoka wapi. Anuari kanieleza huku anajisifu, utadhani za kwake. Kuna mtu wa kijiji cha Kiegei anaitwa Shaibu, ana duka Maskati, huko Omani. Zuleha anambangulia korosho, anazifunga vizuri, anazituma, na Shaibu anamlipa kwa dola za mtandaoni. Hazipiti benki. Zinaingia kwenye simu, mahali wanapopaita pochi. Akitaka shilingi, Yasmini wa Ruangwa, mwenye kibanda cha kutoa na kuweka pesa, anamtafutia mnunuzi Dar na biashara inaisha.

Nilimsubiri wakati wa chakula, Mama akiwepo.

"Wifi, hizo pesa zinashikika?"

"Mshahara wako unaushika?" akanijibu. "Si unauona kwenye simu tu, na baada ya siku mbili huuoni tena."

Mama alicheka mpaka akaweka chini tonge. Nikamkumbusha Zuleha ule upatu ulioondoka na mabati ya watu, na kwamba redioni wanasema hizi sarafu si fedha halali ya nchi.

"Upatu unakuambia uingize watu," alisema. "Mimi naingiza korosho. Na hizo dola sitaki kuzilimbikiza, wifi. Nataka mashine ya kubangulia. Inauzwa Uchina, na mwenye nayo anapokea pesa hii hii. Tukiwa na mashine, tutauza wenyewe mpaka ng'ambo, dalali asituone." Akanyoosha vidole vyake mezani. Vyeusi, vimebabuka kwa mafuta ya maganda. "Angalia. Kwa mikono hii nitafika wapi?"

Nilitazama mikono yangu, ambayo ina chaki tu. Namsubiri aanguke. Naandika hivyo hivyo, daftari ni langu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Zuleha kanifuata nikitoka shule. Kafungua kiganja, kimeandikwa kwa biki: river.

"Wifi, hili maana yake nini?"

"Mto."

"Mto," akasema, akatema mate kiganjani, akafuta kwa kanga, akaenda zake.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kiganja tena. Goat. Nikamwambia mbuzi. Nikamwuliza Kiingereza ni cha nini. "Najifunza, wifi. Neno moja moja, kichwa changu kidogo."

Jumatatu, 21 Oktoba

Ladder. Ngazi.

Mnada wa kwanza wa korosho bei imekuwa nzuri. Mama ana magunia sita ghalani na hajaniuliza ushauri wowote. Zamani alikuwa haniachi nipumzike: Mwantumu soma karatasi hii, Mwantumu hesabu hapa. Sasa anamwita Zuleha, na Zuleha anampigia Yasmini.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mtihani wa darasa la nne umekwisha. Rice, mchele. Zuleha ameniletea bakuli la korosho zilizokaangwa. Nimemrudishia bakuli na korosho zake, nikasema meno yananiuma. Hayaniumi.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimegundua kinachonikera. Pesa ananipita, sawa, riziki hutoa Mungu. Lakini Kiingereza ni changu. Katika ua huu Kiingereza ndicho kitu pekee ambacho Mama akitaja jina langu anakitaja, na sasa huyu anakichukua neno moja moja kama kuku anayedonoa mtama. Leo ilikuwa cousin. Nikampa binamu. Nimempa kwa sababu Mama alikuwa anatutazama.

Bandani wameanza wimbo wa kubangulia. Zuleha anaimbisha, wale sita wanaitikia: mto, mbuzi, ngazi, mchele, binamu. Wimbo gani huo? Hauna kichwa wala miguu. Wanaupiga kwa mawe yao, kokwa moja neno moja, kutwa.

Jumapili, 3 Novemba

Fever. Homa. Mawingu yamekuja, yakaondoka.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeamua kuandika kila kitu.

Malipo ya Mama yametoka. Anuari alikwenda naye chama cha msingi, wakarudi saa nane. Nilikuwa nimetandika mkeka, nimechemsha na chai, kwa sababu miaka yote Mama akilipwa korosho anakuja kukaa kwangu, tunapanga: hii ya chakula, hii ya salfa ya mikorosho, hii ya dharura, na ile ya dharura naiweka mimi. Leo kaupita mkeka wangu. Kaenda moja kwa moja bandani, akamwambia Zuleha mbele ya wanawake wote: "Mwanangu, hii iongeze kwenye mashine."

Mwanangu. Mimi nimesimama hapo na birika.

Nikasema, "Mama, pesa yote unaitia kwenye simu?"

"Wewe ulinishauri nijenge choo," Mama akasema. "Choo kinazaa?"

Wanawake wakacheka. Sijui kama walikuwa wananicheka mimi au choo.

Nikaingia ndani. Haikupita saa moja, hodi, Zuleha. Kavaa kanga mpya. Nikasoma pindo: Hasidi hana sababu. Hapa kwetu mtu hakutukani, anavaa kanga apite mbele yako mara mbili. Kisha akafungua kiganja.

Jealous.

Akanitazama usoni kwa macho makavu na kuniuliza, "Wifi, na hili maana yake nini?"

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Amewahi kuniletea mbuzi, mchele, homa. Leo, siku ambayo kapewa pesa ya mama yangu mbele yangu, kavaa kanga ile, ananiletea neno hili na kuniambia nilitamke mwenyewe. Alitaka kinywa changu kiseme "wivu" ili akacheke na wenzake. Nikaona nisimpe raha hiyo.

"Maana yake mkarimu," nikasema.

"Mkarimu." Akalirudia mara mbili, taratibu. Kisha akatabasamu. "Basi hili ni lako, wifi. Unanipa maneno haya yote na hata siku moja hujanidai."

Akatoka. Nikabaki sijui kama ametukana au ameshukuru.

Jumanne, 12 Novemba

Forget, sahau. Ningeweza kumsahihishia lile la Ijumaa. Sikumsahihishia. Joto limezidi.

Jumamosi, 16 Novemba

Chungwa. Siku hizi naandika maana tu, nimechoka.

Jumatano, 20 Novemba

Nyundo. Brigita, mwalimu wa darasa la awali, ananiuliza wifi yangu anauzaje hizo dola, naye anataka kujifunza. Kila mtu anataka. Mwalimu mkuu naye kaniambia, "Mwantumu, una hazina nyumbani." Nikamwambia ndiyo, mama yangu mzima wa afya.

Ijumaa, 22 Novemba

Chumvi. Wimbo umekuwa mrefu. Watoto wa shule wanauimba wakiruka kamba.

Jumatatu, 25 Novemba

Wait. Subiri. Alipolipata hilo alishusha pumzi kama aliyetua mzigo. "Nimemaliza, wifi. Mungu akulipe." Umemaliza nini? Kiingereza kina maneno kumi na mawili?

Jumanne, 26 Novemba

Simu ya Zuleha imeungua.

Walikuwa wanachoma korosho kwenye bati lenye matundu. Mafuta yakashika moto, kawaida yake, wakaanza kumwagia mchanga. Zuleha akainama, na simu iliyokuwa kibindoni ikachomoka, ikaangukia katikati. Mafuta ya korosho yakiwaka hayana mchezo. Walipoitoa kwa kijiti ilikuwa imekunjana, inanuka.

Nilikuwa mlangoni nasahihisha madaftari. Nitaandika ukweli: kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Ilinijia kabla sijaweza kuizuia. Nikasema kimoyomoyo, haya, zishike sasa.

Wanawake walipiga yowe. Mama alikaa chini pale pale. Ila Zuleha hakulia. Alikung'uta mchanga mikononi na kusema, "Simu ni simu tu. Pochi haimo kwenye simu. Pochi imo kichwani kwangu."

Akawaeleza, nami nikasogea kusikiliza. Siku alipofungua pochi ile, simu ilimpa maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Ukiyaandika kwa mpangilio wake kwenye simu nyingine yoyote, pesa zinatokea. Ukiyapoteza, hata aliyeitengeneza hawezi kukusaidia. Yasmini alimwonya asiyaache kwenye karatasi, maana karatasi ya mtu mmoja Ruangwa ililiwa na mchwa, ya mwingine ikasomwa na mgeni. Ayaweke kichwani. "Sasa Kiingereza hakikai kichwani kwangu," Zuleha alisema. "Nikaona nitayaweka kwa Kiswahili. Nikawa namwuliza wifi, moja moja, asijue. Lilipokaa kichwani, nalifuta kwenye karatasi." Akanigeukia, anatabasamu. "Nisamehe, wifi, nilikuficha. Kesho twende Ruangwa. Mimi nitasema kwa Kiswahili, wewe utarudisha kwa Kiingereza, Yasmini ataandika."

Wakaanza kuimba pale pale, kwa nderemo. Mto, mbuzi, ngazi, mchele, binamu, homa, mkarimu.

Nilisimama na kalamu nyekundu mkononi. Hakuwa ananipiga kijembe. Hakujua hata lile neno linamaanisha nini. Simu ndiyo iliyomchagulia.

Jumatano, 27 Novemba

Ruangwa. Tulikwenda kwa gari la Noah, mimi, Zuleha, Mama na Anuari. Njiani Mama alinishika mkono. Nilipanga hivi: nitasema neno sahihi haraka haraka, Yasmini ataandika, nani atajua? Lakini Yasmini ni mtu wa kuhakikisha. Kibanda chake kina benchi moja, tukakaa wote, akasema tutakwenda neno kwa neno kwa sauti, kila mtu asikie.

Tukaenda vizuri mpaka la sita. "La saba," Zuleha akasema, "mkarimu."

Wote wakanitazama. Yasmini kamaliza kidato cha nne, jealous analijua. Nikasema, "Generous."

"Halimo," Yasmini akasema. "Simu ina orodha yake, hilo inalikataa."

"Basi kind."

Likakubaliwa. Tukamaliza yote kumi na mawili. Simu ikasema maneno si sahihi. Nikajaribu gentle. Si sahihi. Nilikuwa nalijua neno lenyewe, lilikuwa hapa kwenye ulimi, na niliona kulisema ni kuvua nguo barabarani.

Nikafanya jambo baya zaidi. Nikasema, "Labda kosa liko mahali pengine. Zuleha, una hakika la kwanza ni mto? Mto wa maji au mto wa kulalia?"

Zuleha akafumba macho. "Sijui," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo. "Nadhani wa maji. Sijui."

Njia nzima ya kurudi aliimba polepole peke yake, akisimama, akianza tena.

Alhamisi, 28 Novemba

Mama kaja chumbani kwangu asubuhi, kakaa kwenye mkeka. Kaniambia, "Mwantumu, ningekusikiliza wewe. Wewe ndiye mwenye akili. Yule nilimwamini kwa mdomo wake." Kisha akaniomba nimsomee karatasi ya chama cha msingi.

Nimeisubiri siku hii tangu Oktoba. Nilimsomea karatasi. Chai yangu alikunywa vikombe viwili. Nimeshindwa kula.

Jumapili, 1 Desemba

Mwenye mashine atamsubiri Zuleha mpaka Ijumaa, baada ya hapo anaiuza kwa mwingine. Wanawake wawili wamekuja na waume zao kuuliza sehemu yao, maana malipo yao ya msimu mzima yalikuwa humo humo pochini. Anuari hasemi naye. Bandani wanabangua kimya, jiwe tu linasikika.

Jioni Mama akasema, mbele yake, "Mtu wa darasa la saba unampa mali?" Zuleha aliendelea kupepeta. Ni mimi niliyetaka aanguke. Sikujua ningekuwa nimesimama karibu hivi.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, ya kutuliza vumbi tu. Sikwenda shule. Nilikwenda bandani, walikuwepo wote, Mama naye alikuwa anachambua. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, na yote yakanipotea.

"Zuleha," nikasema, "wewe hukukosea. La saba nilikudanganya."

Mawe yakanyamaza.

"Si mkarimu. Ni wivu. Mwenye wivu. Ulinionyesha siku aliyokupa pesa Mama, nikadhani unanisema."

Zuleha akaweka chini jiwe lake.

"Na Ruangwa ulijua?"

"Nilijua."

"Nilipokuwa naimba kwenye gari?"

"Nilijua."

Heri angenitukana. Aliinuka, akaja, akafungua kiganja chake. "Niandikie."

Nikatoa biki. Haikushika. Ngozi imeiva kwa mafuta ya maganda, wino unateleza. Siku zote zile alikuwa anaandika kwa kukandamiza, na mimi sikuwahi kujiuliza kama inauma. Akageuza mkono, nikamwandikia juu ya kifundo, herufi kubwa, mbele ya watu wote. Akamwita Anuari, wakaenda kutafuta gari. Hakuniambia nifuatane nao.

Mama alibaki akichambua. Baadaye sana akasema, bila kuinua kichwa, "Nilikusomesha Kiingereza uwasemee watu, Mwantumu."

Alhamisi, 5 Desemba

Zilitokea. Zote. Anuari ndiye aliyeniambia, kwa kifupi, akipita. Mashine imelipwa jana ile ile, pale pale kibandani, na Mchina amejibu kabla hawajamaliza soda.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua sasa ni ya kweli. Shule zimefungwa. Nimelima shamba la ufuta peke yangu, hakuna aliyenikataza wala kunisaidia.

Zuleha ananisalimu kila asubuhi. "Shikamoo mwalimu." Nimemzidi miaka tisa, salamu haina kosa. Ila toka aolewe humu ndani hajawahi kuniita mwalimu. Nilikuwa wifi.

Amenunua simu mpya, na Yasmini kamwambia afungue pochi mpya, kwa kuwa maneno ya ile ya kwanza wameyaimba hadi watoto. Kwa hiyo amepata mengine kumi na mawili, na safari hii bandani hakuna wimbo. Leo asubuhi nilimwona akivuka njia kwenye matope, mkono kaukunja kifuani, anaelekea nyumbani kwa Brigita. Walisimama barazani. Alifungua kiganja, Brigita akainama, akasoma, akasema kitu, wakacheka.

Kiingereza cha Brigita ni kibovu. Chicken na kitchen kwake ni kitu kimoja, nimemsikia kwa masikio yangu akiwafundisha watoto. Nilitaka kuvuka nikawaambie. Nikakumbuka kwamba Brigita akikosea, atakosea tu, hatakuwa amedanganya kama mimi, na Zuleha anaweza kurudi kumwuliza tena. Nimekaa mlangoni nawatazama mpaka walipomaliza, na naona wivu.